Malaya, Rhodesia au Msumbiji: vita vipi vya kuchagua kwa anayetafiti mchujo wa wapiganaji

Kila mwaka wanafunzi wa historia na wa sayansi ya siasa katika vyuo vya Dodoma hufika mahali pa kuchagua mada ya tasnifu, na miongoni mwao hawakosekani wanaovutiwa na makomando: jinsi wanavyochujwa, jinsi wanavyofunzwa kukaa porini kwa majuma mengi, na yaliyotokea walipokabiliana na wapiganaji wa msituni. Mada hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, ikichukuliwa kwa upana wake wote humwacha mtafiti na rundo la masimulizi ya ushujaa yasiyojibu swali lolote, na msimamizi humrudishia andiko lake akimtaka achague vita vimoja, mahali pamoja na kipindi kimoja. Makala hii inakusudia kumsaidia katika hatua hiyo.

Nimechukua vita vitatu ambamo uhusiano kati ya mchujo na matokeo unaonekana waziwazi: Dharura ya Malaya (1948–1960), yaani vita vya Waingereza dhidi ya wapiganaji wa kikomunisti katika koloni lao ambalo leo ni sehemu ya Malaysia, vita vya ukombozi vya Zimbabwe dhidi ya serikali ya Rhodesia, hasa kuanzia mwishoni mwa 1972 hadi 1979, na vita vya Msumbiji dhidi ya Ureno (1964–1974). Ninavipima kwa maswali manne: waliochagua walitafuta nini ndani ya mtu, nani aliruhusiwa kuingia, aliyefaulu alitumwa kufanya nini miongoni mwa wananchi, na mtafiti anayeishi katikati ya Tanzania anaweza kuupata wapi ushahidi. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji ausome ulinganisho akiujua. Kwa mtu aliyeko Dodoma, Iringa au Morogoro, Msumbiji ndiyo chaguo la kwanza. Rhodesia ni chaguo la pili, na ina thamani kubwa zaidi ikiwekwa kando ya Msumbiji. Malaya haiepukiki kusomwa, lakini sioni sababu ya kuifanya kuwa mada kuu.

Walitafuta nini ndani ya mtu

Mchujo wa makomando unaojulikana leo duniani kwa sehemu kubwa ulizaliwa na fedheha ya Malaya. Mwaka 1950 ofisa wa Uingereza Mike Calvert aliunda kikosi cha Malayan Scouts ili kiwafuate msituni wapiganaji wa Chama cha Kikomunisti cha Malaya, waliokuwa wakiongozwa na Chin Peng. Watu walikusanywa kwa haraka. Baadhi yao walikuwa askari hodari, wengine walisukumwa huko na makamanda waliotaka kuwaondoa wakorofi vikosini mwao, na muda si mrefu kikosi kikapata sifa ya ulevi na utovu wa nidhamu. Mwaka 1952 kikawa kikosi cha 22 cha SAS (Special Air Service, makomando wa Uingereza), jina lililorithiwa kutoka kikosi alichokianzisha David Stirling huko Afrika Kaskazini mwaka 1941, na mwaka huohuo ofisa mwingine, John Woodhouse, alirudishwa Uingereza kuandaa namna ya kuwachuja watu kabla hawajapelekwa vitani. Alichagua milima ya Brecon Beacons, huko Wales.

Mchujo huo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ugumu wake hauko mahali ambapo watu wengi wanadhani. Mlima wake maarufu, Pen y Fan, una urefu wa mita 886 tu. Mji wa Dodoma wenyewe uko juu zaidi ya hapo kutoka usawa wa bahari. Anayechujwa hubeba begi zito la mgongoni na bunduki isiyo na mkanda, ili mikono yake isipumzike. Hupewa mahali pa kufika, akishafika huambiwa mahali pengine, na haambiwi ni lini mwendo utakwisha wala muda unaotakiwa. Haruhusiwi kuweka alama yoyote kwenye ramani, kwa kuwa ramani ikiangukia mikononi mwa adui ingeonyesha njia aliyopita. Mkufunzi wa kituoni hamfokei wala hampi moyo. Huandika muda wake na kumwambia aendelee. Hatua ya mwisho ni mwendo wa takriban kilomita 64 ndani ya saa 20, mtu akiwa peke yake. Yeyote aliyepita depo, iwe JKT Makutupora au kambi nyingine, anajua kuwa kelele za afande huchosha lakini pia humsukuma kuruta asonge mbele. Pale Wales msukumo huo huondolewa kwa makusudi, na kinachopimwa ni kama mtu ataendelea pale ambapo hakuna anayemwona.

Mtihani huo una gharama yake. Julai 2013 askari watatu wa akiba walikufa kutokana na joto wakiwa katika mwendo wa mchujo kwenye milima hiyohiyo, jambo lililoibua maswali makali juu ya usimamizi wake. Wengine pia wameuiga. Charles Beckwith, ofisa wa Marekani aliyefanya kazi na SAS mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipounda kikosi cha Delta mwaka 1977 aliuchukua karibu kama ulivyokuwa. Ndiyo maana nimesema Malaya haiepukiki: anayetaka kujua kwa nini makomando wa nchi nyingi huchujwa kwa kutembea na mzigo, shina la jambo hilo liko huko.

Rhodesia ilichukua mbegu hiyo moja kwa moja. Kati ya 1951 na 1953 ilipeleka Malaya kundi la watu wa kujitolea waliounda kombania C ya SAS, na mmoja wao alikuwa Ron Reid-Daly. Mwaka 1973 huyohuyo alipewa kazi ya kuunda Selous Scouts, kikosi maalumu cha jeshi la Rhodesia. Jina la kikosi hicho lina uhusiano na nchi yetu: Frederick Selous, mwindaji na mpelelezi wa Kiingereza, aliuawa na majeshi ya Wajerumani pale Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na kaburi lake liko ndani ya eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kambi ya mchujo ya kikosi hicho iliitwa Wafa Wafa, kando ya Ziwa Kariba. Kwa maelezo ya kamanda mwenyewe, waombaji walishushwa mbali na kambi wakamalizia njia kwa kukimbia, wakakuta vibanda vichache na majivu ya moto, na hawakupewa chakula. Walifanyishwa mazoezi tangu alfajiri huku wakila walichookota porini, na nyani aliyepigwa risasi alitundikwa juani mbele ya macho yao hadi akaoza, ndipo akachemshwa nao wakamla. Waliosimamia hawakuwa na nia ya kudhalilisha tu. Kazi iliyowangoja ilikuwa kujifanya wapiganaji wa msituni, kuvaa kama wao, kula kama wao, kulala bila turubai na kukaa bila kuletewa posho; mtu anayekinai nyama iliyooza angejifichua siku ya kwanza. Huu ni mfano bora wa mchujo uliotungwa kulingana na kazi yenyewe, na anayeandika juu ya mbinu za kijeshi peke yake hatakosa la kusema.

Kwa upande wa FRELIMO, chama kilichopigania ukombozi wa Msumbiji, mtafiti akienda na kipimo cha Brecon au cha Wafa Wafa atarudi mikono mitupu, na watafiti kadhaa wamehitimisha kimakosa kwamba hapakuwa na mchujo. Ulikuwepo, ila ulipima mambo mengine. Chama kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane. Vijana wake wa kwanza walifunzwa Algeria, na waliporejea mwaka 1964 Serikali ya Tanzania iliwapa kambi Kongwa, katika majengo na ardhi iliyoachwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuporomoka kwa sababu ya udongo mgumu na mvua haba. Samora Machel aliongoza kambi hiyo. Vita vilipoanza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO ilikuwa na wapiganaji waliofunzwa wapatao 250 tu dhidi ya jeshi la nchi mwanachama wa NATO.

Kwa idadi hiyo isingewezekana kuwafukuza watu tisa kati ya kumi kwa sababu wamechelewa kufika kilele cha mlima. Waliovuka Mto Ruvuma walihojiwa, wakagawanywa: wengine shule, wengine uuguzi, wengine jeshini. Nachingwea, kambi kuu tangu 1965, mafunzo ya silaha yalikwenda pamoja na kulima, kusoma na kuandika, na mijadala ya siasa; Mmakonde alichanganywa makusudi na mtu wa Gaza, kusini mwa Msumbiji, na mtu wa Niassa katika platuni moja, na aliyeshindwa kuishi na wenzake wa kabila jingine alionekana hafai hata kama alikuwa na shabaha. Kisha ukaja mwendo wa kurudi ndani ya Msumbiji kwa miguu, kila mtu na mzigo wa risasi au dawa kichwani. Hapo ukakamavu wa mwili ulipimwa bila mtu kuuita mtihani.

Inafaa kukumbuka kwamba Tanzania yenyewe ilikuwa ikibadili kipimo chake mwaka huohuo vita vilipoanza. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na uasi ukazimwa na makomando wa jeshi la majini la Uingereza walioombwa na Mwalimu Nyerere. Kikosi kile kilivunjwa, na jeshi jipya, JWTZ, lililoanzishwa Septemba 1964, liliwachukua vijana kwa kuangalia pia uaminifu wao kwa taifa, wengi wakipatikana kupitia Umoja wa Vijana wa TANU. Kwa hiyo FRELIMO walipofika Kongwa, wenyeji wao walikuwa wametoka kuonja uchungu wa askari waliofundishwa kwata vizuri lakini hawakujua wanamtumikia nani. Sijaona tasnifu iliyofuatilia uhusiano huo kwa kina, na naamini ungempa mwanafunzi sura nzima.

Nani aliruhusiwa kuingia

Hapa tofauti ni kubwa kuliko katika mazoezi ya mwili. Selous Scouts walikuwa na Waafrika wengi kuliko Wazungu, na bila hao kikosi kisingeweza kufanya kazi hata siku moja, kwa kuwa ni wao waliozungumza na wanakijiji usiku na kuaminiwa. Hata hivyo walilitumikia dola ambalo Waafrika wake wa kwanza kupewa uofisa jeshini walipatikana 1977 tu, vita vikikaribia mwisho. Mtu aliyefaulu Wafa Wafa, akamzidi Mzungu kwa kufuata nyayo na kuvumilia kiu, bado hakuwa na sauti sawa katika nchi aliyoilinda. Mchujo ulimpima kila mtu kwa haki, kisha haki hiyo ikaishia kwenye lango la kambi.

FRELIMO ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1967 kundi la wanawake lilianza mafunzo ya kijeshi Nachingwea, na Kikosi cha Wanawake kikazaliwa licha ya upinzani wa baadhi ya viongozi. Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, ndiye anayekumbukwa zaidi. Wanawake walibeba silaha, walilinda maghala, na zaidi ya yote walikwenda vijijini kuzungumza na wanawake wenzao, jambo ambalo kikosi chochote cha Wareno kisingeliweza. Malaya ina jambo dogo zaidi la kusema hapa, isipokuwa kwamba SAS walijifunza kufuata nyayo kutoka kwa Waiban walioletwa kutoka Sarawak, na kwamba vikosi vya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) kutoka Kenya na Nyasaland vilipelekwa huko pia. Habari za keya waliopigana Malaya zinastahili utafiti wake peke yake.

Aliyefaulu alitumwa kufanya nini

Swali hili ndilo lililonifanya niipange Msumbiji mbele ya Rhodesia, na naomba msomaji alipatie muda.

Huko Malaya makomando walichangia sehemu ndogo ya ushindi. Vita viliamuliwa na mpango uliobuniwa na Harold Briggs mwaka 1950 wa kuwahamisha takriban watu nusu milioni, wengi wao Wachina maskini wa pembezoni mwa misitu, kwenda katika vijiji vipya vyenye uzio na walinzi, ili wapiganaji wakose chakula na habari. Gerald Templer, aliyefika 1952 baada ya mtangulizi wake Henry Gurney kuuawa katika shambulio la kuvizia, aliongeza ahadi ya uhuru, uraia na huduma. Uhuru ukapatikana Agosti 1957, na wapiganaji wakabaki bila hoja kuu. Wazee wa Ugogo waliohamishwa katika Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanajua kaya ikihamishwa inaacha nini nyuma: mashamba, malambo, miti ya mipaka, makaburi. Huko Malaya watu walihamishwa kwa mtutu, lakini mwishoni wengi walipata hati ya ardhi na kura. Kilichofuata Rhodesia na Msumbiji kilikuwa uzio bila kura. Wareno waliita vijiji vyao aldeamento, Wazungu wa Rhodesia wakaviita vijiji vya ulinzi, na kote kuwili wananchi waliofungiwa humo waliendelea kuwapelekea wapiganaji chakula na habari.

Selous Scouts walifanya kazi yao kwa ustadi wa kutisha. Wapiganaji waliotekwa walipewa nafasi ya kugeuka badala ya kitanzi, kisha wakatembea na kikosi wakijifanya bado ni wapiganaji. Wanakijiji waliowakaribisha walijikuta wamewakaribisha wauaji wa watoto wao. Matokeo ya muda mfupi yalikuwa makubwa. Matokeo ya muda mrefu yalikuwa kwamba mwanakijiji hakumwamini tena mtu yeyote mwenye bunduki, na mashaka hayo yalizaa mauaji ya watu walioitwa wasaliti. ZANLA, jeshi la msituni la chama cha ZANU kilichopigania ukombozi wa Zimbabwe, nao hawakuwa malaika: Julai 1973 walichukua wanafunzi karibu 300 wa misheni ya St Albert's ili wakawe wapiganaji, wengi wakiokolewa njiani, na mikesha yao ya usiku iliyoitwa pungwe ilichanganya nyimbo, mafundisho na vitisho.

Siku ya kutazamwa kwa makini kuliko zote ni tarehe 9 Agosti 1976. Askari wa Selous Scouts wapatao 80, wakiwa ndani ya magari yaliyopakwa rangi za jeshi la FRELIMO, waliingia kambi ya Nyadzonya ndani ya Msumbiji wakati watu wamekusanyika, wakafyatua risasi na kuua mamia ya watu. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema kambi hiyo ilikuwa ya wakimbizi, na Rhodesia ikasema ilikuwa ya wapiganaji. Kijeshi, shambulio lilikwenda kama lilivyopangwa. Kisiasa, John Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini, ambaye Rhodesia ilimtegemea kwa mafuta na silaha, aliongeza mbinyo, na tarehe 24 Septemba 1976 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alitangaza redioni kwamba anakubali utawala wa wengi ndani ya miaka miwili, jambo aliloapa halitatokea. Askari waliochujwa kwa uangalifu mkubwa kuliko wote kusini mwa Afrika walishinda asubuhi moja na kuisogeza nchi yao karibu na kushindwa. Kwa maoni yangu hakuna tukio jingine linaloonyesha waziwazi kwamba ubora wa kikosi na usahihi wa lengo la vita ni mambo mawili tofauti.

Wareno nao walikuwa na makomando, waliofunzwa Montepuez, Cabo Delgado. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga aliongoza operesheni kubwa ya kufagia ngome za FRELIMO kaskazini. Makomando walifika kila walipotakiwa kufika, na FRELIMO ikahamishia nguvu zake mkoa wa Tete. Huko Tete, tarehe 16 Desemba 1972, kombania ya makomando iliua mamia ya wanakijiji wa Wiriyamu na vitongoji vya jirani, wakiwemo watoto. Habari ilipochapishwa London Julai 1973 ilichafua jina la Ureno kila mahali, na Aprili 1974 maofisa vijana wa jeshi hilohilo, waliochoshwa na vita vya Afrika, waliipindua serikali mjini Lisbon. Makubaliano ya Lusaka yalitiwa saini tarehe 7 Septemba 1974, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975.

Mtafiti wa Msumbiji asiifiche upande wa pili wa mchujo wa kisiasa. Kipimo cha uaminifu kinapokuwa mikononi mwa wachache huweza kugeuka kisu. Mwaka 1969, mwaka aliouawa Mondlane kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, chama kilipasuka. Lazaro Nkavandame, kiongozi wa chama Cabo Delgado, alijisalimisha kwa Wareno, na Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, aliondolewa. Mwaka 1975, palepale Nachingwea, Simango na wengine walioitwa wasaliti walisimamishwa hadharani wakasomewa tuhuma na kulazimishwa kukiri, na baadaye waliuawa bila kesi ya haki. Anayeisifu Nachingwea kwa kuvunja ukabila hana budi kuandika na hilo pia, kwa uzito uleule.

Kwa nini si Vietnam, wala Sri Lanka

Wanafunzi wengi huja na Vikosi Maalumu vya Marekani na vita vya Vietnam kwa sababu habari zake zimejaa kila mahali. Ni mada nzuri kwa mwenye uwezo wa kusoma mengi, lakini vita hivyo vilihusisha majeshi makubwa ya kawaida, ndege na siasa za dola kubwa kiasi kwamba athari ya mchujo wenyewe haionekani kwa urahisi. Sri Lanka ina mvuto wa kipekee, kwa kuwa waasi wa LTTE (Tamil Tigers) ndio walioteua kikosi cha watu walioapa kufa, na bado wakashindwa kabisa Mei 2009. Anayetaka kupinga dhana kwamba waasi hushinda daima aitumie Sri Lanka katika ukurasa mmoja au miwili, kisha arejee kwenye vita alivyochagua.

Ushahidi uko wapi

Kwa Malaya, nyaraka nyingi za serikali ziko katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, na kumbukumbu za maofisa zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Dodoma atategemea vitabu na nyaraka zilizowekwa mtandaoni. Ataandika kazi safi, lakini itakuwa vigumu kusema jambo jipya.

Kwa Rhodesia, masimulizi ya waliokuwa askari wa serikali ni mengi na yanasomeka vizuri, na hapo ndipo penye mtego: mengi yao hueleza kila doria kwa kina, na wanakijiji huonekana kwa mbali tu, bila majina. Dawa yake iko karibu zaidi ya watu wanavyodhani. Wapiganaji wa ZANLA walifunzwa Mgagao, mkoani Iringa, na ni Mgagao ambako maofisa vijana walitoa tamko la 1975 la kumkataa Ndabaningi Sithole, kiongozi wa ZANU. Kutoka Dodoma kupitia Mtera hadi Iringa ni lami tupu, na wenyeji wa maeneo hayo waliowauzia mahindi na kuwaona wakipita wangali na ya kusema.

Kwa Msumbiji, kizuizi ni Kireno. Asiyekijua atafungiwa nje ya nyaraka za jeshi la Ureno, na hilo aliseme mapema katika andiko lake. Faida zinazobaki ni nyingi. Mradi wa Hashim Mbita chini ya SADC, uliopewa jina la brigedia aliyeiongoza Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) tangu 1972, ulikusanya ushuhuda kutoka nchi zote husika na kuuchapisha katika majuzuu 9, Tanzania ikiwemo. Tena Kongwa yenyewe iko jirani: unapanda gari la Morogoro, unafika Mbande, unakata kuelekea Kongwa, na unaweza kurudi mjini jioni ileile. Hapakuwa na FRELIMO peke yao. ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola walikuwa na kambi hapo, na kutoka Kongwa ndiko walikoanzia safari wapiganaji wa kwanza wa SWAPO walioshambuliwa na polisi wa Afrika Kusini pale Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966. Wa ANC walikaa wakisubiri amri ya kurudi nyumbani, manung'uniko yakaongezeka, na kusubiri huko ni mojawapo ya mambo yaliyozaa Mkutano wa Morogoro wa 1969. Mtu aliyevumilia mwendo mgumu Algeria au Urusi alivunjwa moyo na miezi ya kukaa kambini akilinda ghala na kupalilia mtama. Hakuna mkufunzi aliyeupanga mchujo huo, na hakuna aliyeusimamia.

Kabla ya kwenda, barua ya chuo ipitie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Ukiikwepa ngazi moja, mzee atakuomba kibali na mazungumzo yataishia hapo. Mweleze mhojiwa shabaha ya kazi yako, usitaje jina lake bila ridhaa, na uwe na uangalifu wa pekee unapogusa ndoa na watoto waliozaliwa kati ya wapiganaji na wenyeji, kwa sababu familia hizo zipo na zina haki ya faragha. Maswali yenye mazao ni yale madogo: nani aliwauzia maziwa na kuku, walilipa kwa nini, nani alikatazwa kufika kambini, walitofautishaje kundi moja na jingine, na ni mtu wa namna gani aliyeonekana kurudishwa kutoka kambini akiambiwa hafai. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo mchujo unaoutafuta, likisemwa na mtu aliyeuona bila kujua kwamba unaitwa mchujo.

Basi anayependa mbinu za kijeshi zenyewe, na asiye na haja ya kwenda uwandani, achukue Rhodesia na kuifunga kwenye miaka ya 1973 hadi 1976. Anayejiandaa kwa masomo ya juu ng'ambo, mahali ambapo atazifikia nyaraka za Uingereza, aihifadhi Malaya kwa wakati huo. Kwa waliobaki, ambao ni wengi, napendekeza Kongwa na Nachingwea kati ya 1964 na 1970 kama mada kuu, na sura moja tu ya Rhodesia ya kulinganishia, ikijengwa juu ya Nyadzonya: maelezo ya waliotumwa yawekwe upande mmoja, ya waliokuwemo kambini upande wa pili, na uamuzi wa Smith wa Septemba 1976 uwekwe katikati yao.